Mtoto anauliza bahari ni nini na sisi tuko Jinja, nimuanzie wapi?

MamaKadogo_Jinja

Habari zenu jamani, naomba mnisaidie na hili maana limenikaa kichwani wiki nzima. Nina mtoto wa kiume wa miaka 7, yuko P.2, wale watoto wa kukufuata mpaka jikoni na swali. Juzi tulikwenda kwa jjajja yake Mukono akakuta kwenye kikapu cha zamani zile kauri, si mnazijua zile ensimbi za wazee, zimetobolewa zimepitishwa kamba. Jjajja akamwambia hizi ndo zilikuwa pesa zetu huku Buganda kabla ya shilingi, na zilitoka baharini. Basi ikaanzia hapo. Bahari iko wapi, nani aliweka pesa baharini, kwa nini hatuendi kuchukua zingine. Nikamwambia mwanangu hii si pesa, ni nyumba ya mnyama. Akanyamaza kidogo akaniuliza, "sasa mnyama mwenyewe alienda wapi?" Nikakosa jibu kabisa.

Mi mwenyewe bahari sijawahi kuiona, nimezaliwa hapa hapa Walukuba, maji makubwa ninayoyajua ni ziwa na Nile. Mtoto anasema ziwa letu ndo bahari kwa sababu ukisimama huoni ng'ambo, na siwezi kumwambia anakosea maana hata mimi hiyo ng'ambo sijawahi kuiona. Alafu kuna jambo lingine linaniumiza zaidi, binamu yake mkubwa alimuonyesha kwenye simu video ya papa mkubwa kama jengo anameza meli nzima na watu wake, tangu siku hiyo mtoto hataki kushuka mwaloni, kule tunakonunua samaki kila Jumamosi, na usiku anakuja kulala kwetu.

Sitaki nimzimie hamu yake ya kujua, na pia sitaki akue anaogopa maji. Mlio na watoto mlifanyaje? Pesa ya kwenda Mombasa kwa saa hii haipo, nisiwadanganye.

BintiTanga_Kla

Pole dada, na hongera kwa mtoto wa maswali, bora huyo kuliko yule asiyeuliza kitu. Mi kwetu ni Tanga, nimeolewa huku Kampala na watoto wangu wote watatu wamezaliwa huku, kwa hiyo hili suala nalijua kutoka pande zote mbili.

Tuanze na ile video kwa sababu mtoto akishaogopa hutamfundisha kitu. Hiyo ni ya kutengenezwa na kompyuta. Papa mkubwa sana wa namna hiyo alikuwepo kweli, wanamuita megalodoni, lakini alishatoweka zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukutana naye. Samaki mkubwa kuliko wote walio hai leo ni papa potwe, na huyo tunaye hapa hapa Afrika Mashariki, nenda kisiwa cha Mafia kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu hivi watu wanaogelea pembeni yake. Ana madoadoa meupe mgongoni kama yule ndege kanga, anafungua mdomo mkubwa kama mlango na kinachoingia ni vidudu vidogo na vijisamaki, anachuja maji basi. Muonyeshe huyo, na umuonyeshe ukiwa umekaa naye, usimpe simu ukaondoka. Mi nafikiri hofu nyingi za watoto zinatoka hapo, wanaona peke yao na hakuna wa kumuuliza.

Sasa ile kauri. Mwenyewe ni konokono wa baharini. Akiwa hai, nyama yake inatoka pande zote mbili inalifunika gamba lote, ndo maana gamba linang'aa vile utafikiri limepakwa mafuta, halikwaruziki. Mtoto akiuliza alienda wapi mwambie ukweli, alikufa, na nyingi katika zile za jjajja watu waliziokota zikiwa hai wakaacha nyama ioze ndani. Watoto wanaweza kuubeba ukweli huo, wangu niliwaambia na wakasikitika kidogo wakaendelea na maisha.

Na sasa nikupe kitu ambacho naamini kitamkamata. Mwaka 1938 kule Afrika Kusini, mama mmoja wa makumbusho anaitwa Marjorie Courtenay-Latimer alikuta kwenye samaki wa meli ya uvuvi samaki wa rangi ya bluu, magamba magumu, mapezi yenye nyama kama vijimguu. Wataalamu walipomtazama wakashindwa kuamini, alikuwa silikanti, samaki waliyekuwa wakimjua kwa mabaki ya mawe tu na wakiamini alitoweka pamoja na dainosari miaka milioni 66 iliyopita. Na kumbe yuko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa kwetu Tanga wakaanza kuwanasa kwenye jarife, zile nyavu za papa wanazozitega kwenye kina kirefu, mpaka serikali ikaweka hifadhi ya bahari yenye jina lake. Wazee wa kwetu walikuwa wanashangaa watu wametoka mbali hivyo kuja kumuangalia samaki ambaye nyama yake hata hailiki vizuri.

Hapo mtoto atakuuliza, huku kwetu je? Mjibu hivi: ndugu wa silikanti yuko Uganda na umeshamuona sokoni. Ni yule mnayemuita emmamba (Wakenya na watu wa Mwanza wanasema kamongo). Naye ni wa ukoo huohuo wa samaki wenye mapezi ya nyama, na ana mapafu, lazima apande juu kuvuta hewa, ukimzuia anakufa maji akiwa ndani ya maji. Mi nilipofika huku mara ya kwanza wifi yangu aliniambia leo kuna mamba sokoni nikakimbia, maana kwetu mamba ni yule mwenye meno wa mtoni!! Nilipoelezwa ni samaki, na kwamba kuna ukoo mzima Buganda ambao ni mwiko kwao kumla, nikasema basi huyu samaki ana heshima yake.

Nikimaliza la mwisho. Bibi yangu alikuwa anatukataza kwenda pwani saa saba mchana, anasema majini wanatembea. Nimekua nimeelewa alitaka tusizame wakati wakubwa wamelala. Mi wanangu siwaambii majini, nawaambia mkondo wa maji, unavuta miguu hivi na hivi, na wanaelewa vizuri tu. Hofu ya mkondo inamfanya mtoto awe makini, ile ya jini anaiota tu usiku.

Ticha_Tororo

Mama Kadogo, mimi ni mwalimu wa prayimari, na watoto ninaowafundisha asilimia kubwa hata ziwa hawajaliona, wanajua mto Malaba tu. Ninachofanya ni hiki, na hakina gharama.

Tafuta kamba ya mita 11. Sema sentimita moja ni mita 10 za maji. Ziwa Victoria pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, kwa hiyo kwenye kamba ni sentimita 8, urefu wa kidole. Funga uzi mwekundu hapo. Sentimita 20 funga uzi mwingine, hapo ni mita 200, mwanga wa jua unaanza kuisha. Kina cha bahari kwa wastani ni kama mita 3,700, kwa hiyo unatembea na kamba mpaka mita 3 na nusu na kitu. Alafu mwambie mtoto aendelee kutembea mpaka mwisho wa kamba, karibu mita 11, hapo ndo sehemu yenye kina kuliko zote duniani, Bahari ya Pasifiki, wanapaita Mariana. Kilele cha Margherita kule Rwenzori ni mita 5,109, ukiweka Margherita mbili moja juu ya nyingine ndani ya lile shimo bado maji yatazifunika. Nilipoifanya darasani tukafika mpaka nje kwenye mwembe, na watoto waliobaki ndani wakiwa wameshika kile kidole cha ziwa walikuwa wanapiga kelele "sisi tuko Jinja! sisi tuko Jinja!" Sitaisahau siku hiyo.

Kwa hiyo ile ya ziwa kuwa bahari usimkatalie, mwambie umeona vizuri mwanangu, ni kubwa, sasa Bahari ya Hindi peke yake eneo lake ni kama maziwa yetu elfu moja. Sisi walimu tunapenda sana kusema "hapana umekosea" na mtoto anafunga mdomo mwaka mzima.

Chumvi pia. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, vijiko viwili vikubwa vya kawaida. Koroga, mpe tone moja kwenye ulimi, asimeze kikombe. Alafu aweke yai bichi kwenye maji ya kawaida litazama, aanze kuongeza chumvi kijiko kwa kijiko mpaka lipande lenyewe. Itahitaji chumvi nyingi kuliko ya baharini, mwambie hivyo asije akadhani mayai yanaelea Mombasa. Yai ulitumie baadaye kwa chai hakuna kinachopotea.

Na nyangumi wa bluu, anafika mita 30. Hizi taksi zetu za abiria, yaani basi ndogo, zikipangwa sita kwa mstari ndo huyo mmoja. Si samaki, anavuta hewa kama sisi na mtoto wake ananyonya. Watoto wangu hilo la kunyonya ndo lililowashinda kuamini.

MwanaKalangala

Nawasoma wote na mnaandika vizuri, lakini mniruhusu niseme kitu tofauti na msichukie. Mimi nimezaliwa visiwani Ssese, baba yangu mvuvi, na ninaona tunakimbilia bahari ya watu wakati watoto wetu ziwa lenyewe hawalijui. Muulize mtoto wa Kampala mukene (dagaa) anatoka wapi atakwambia kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) dukani.

Ziwa letu lina siri zake. Ngege (tilapia wa kienyeji) jike anabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na watoto wakishaanza kuogelea wakiona hatari wanarudi mbio mdomoni kwa mama yao, nimeliona kwa macho yangu kwenye maji ya kina kifupi nikiwa mdogo. Zile nkejje, visamaki vidogo ambavyo wazee walikuwa wanawapa watoto wadhaifu, zilikuwa za aina mamia, na aina nyingi zimetoweka tangu mputa (sangara) aletwe ziwani miaka ya 1950 akaanza kuzila. Baba alikuwa ananitajia majina ya nkejje ambazo mimi sikuwahi kuziona kwenye nyavu. Inaniuma mpaka leo.

Sisemi usimfundishe bahari. Nasema huyo mtoto anaishi Jinja, pale maji yanapotoka ziwani yanakuwa Nile, na maji hayohayo yanapita Kyoga, Sudan Kusini, Sudan, Misri, maelfu ya kilomita mpaka yanaingia bahari ya Mediterania. Bahari inaanzia mlangoni kwenu mama. Mpeleke darajani mwambie njia ya kwenda baharini ni hii hapa inapita. Na chupa ya plastiki ikitupwa hapo inaelekea upande huohuo.

BintiTanga_Kla

@MwanaKalangala sijachukia hata kidogo, hiyo ya ngege nilikuwa siijui na jioni nawasimulia wangu.

Dereva_wa_Malaba

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mi niko barabarani Mombasa Kampala mwaka wa 14 huu nabeba kontena. Nilimpeleka binti yangu likizo ya Desemba alipokuwa na miaka 9, nitawaambia ilivyokuwa ili mkipata pesa mjue.

Hatukwenda hotelini, tulilala kwa jamaa yangu Mtongwe, na ufuo wa umma hauna kiingilio. Tulifika asubuhi maji yamejaa mpaka karibu na ukuta, akacheza akafurahi, tukaenda kula. Tunarudi saa nane bahari haipo!! Imerudi nyuma huko mbali, mtoto akaanza kulia anasema baba imekauka, nani ameitoa. Mimi siku zote nalala kwenye gari nasubiri kupakuliwa sikuwahi kufikiria kumuelezea mtu. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anatengeneza ngalawa yake, akamuita, akamwambia mama usilie, maji yamekupwa yatarudi jioni, yanavutwa na mwezi, kila siku yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ndo bamvua lenyewe, yanajaa sana na kukupwa sana. Alafu akamshika mkono akampeleka kwenye vidimbwi vilivyobaki kwenye miamba. Wakamkuta kiti cha pweza, kaa wadogo, jongoo bahari, na pweza mmoja mdogo amejificha kwenye tundu, rangi yake ileile ya jiwe, mzee akaligusa jiwe la pembeni kwa kijiti, pweza akabadilika rangi hapo hapo mbele ya macho yetu. Akamwambia huyu ana mioyo mitatu na damu yake ni ya bluu. Binti akaniangalia kama vile anauliza baba ni kweli? Nikatafuta kwenye simu, ni kweli, damu ina shaba badala ya chuma. Tulikaa pale mpaka maji yakaanza kurudi yakatufikia magotini.

Ushauri wangu, ukifika pwani tafuta mvuvi au mama anayechokoa pweza, mpe heshima yake na pesa kidogo ya chai, huyo atakufundisha kuliko safari yoyote ya boti. Uliza maji yanakupwa saa ngapi kabla hujatoka, na viatu vya mpira usisahau kuna vile viumbe vyenye miiba mirefu myeusi vikikuchoma utalala navyo. Karatasi za mtoto ulizia Uhamiaji mapema usije ukakwama mpakani. Na ukienda mwezi wa nane au wa tisa, nyangumi wenye nundu wanapita upande wa Watamu, wanatoka kule kwenye barafu kusini kabisa wanakuja kuzaa maji ya joto. Mi sijawaona bado, nimepanga.

Kosa nililofanya, nilimnunulia makombe na kiti cha pweza kilichokaushwa kutoka kwa wale wanaotembeza ufuoni. Tulipofika nyumbani yananuka, ndo tukagundua kumbe yalikuwa hai juzi tu. Binti akaenda kuyazika nyuma ya nyumba na hajawahi kuniomba tena. Msinunue.

MamaKadogo_Jinja

Jamani mmenipa kazi na nimeifanya, nimesubiri wikendi ipite ndo nirudi hapa.

Ijumaa nilikaa naye tukaangalia papa potwe pamoja, mara ya kwanza alijificha nyuma ya bega langu, mara ya tatu akaanza kuhesabu madoa. Nikamwambia ile video ilitengenezwa na watu kwa kompyuta, akakasirika sana, si kwa kuogopa, alikasirika kwamba binamu alimdanganya. Amesema atampigia simu. Jumamosi tukashuka mwaloni, alinishika mkono kwa nguvu lakini alishuka, na tukakuta mama mmoja ana emmamba kwenye beseni, bado mzima. Alichuchumaa pale nikadhani tutalala hapo. Akawa anasubiri apande kuvuta hewa, alipopanda akapiga kelele watu wote wakageuka. Yule mama alimuonyesha mapezi akamwambia huyu hatumli sisi, ni mzee wetu.

Ya kauri nilimwambia ukweli kama dada alivyosema. Akaenda akaiosha ile moja aliyopewa na jjajja akaiweka kwenye kitambaa.

Kamba ya mita 11 iliisha kwa jirani. Ngege wenye watoto mdomoni amewasimulia darasa zima.

Jioni ya Jumapili nikampeleka kuona maji ya Nile kama mwana Kalangala alivyosema. Akaangalia muda mrefu. Alafu akaonja kwa kidole, akaniambia mama haya hayana chumvi, na umesema yanaenda baharini, sasa chumvi yanaitoa wapi njiani? Nimeshindwa tena. Ticha uko hapo?

Ticha_Tororo

Niko. Mwambie ameuliza swali la mtu mzima. Chumvi inatoka kwenye mawe na udongo, mvua inakwangua kidogo kidogo, mito inabeba, hata haya ya Nile anayoyaonja yana chumvi kidogo sana, ulimi hauisikii. Yakifika baharini maji yanapanda juu kwa jua yanakuwa mawingu, chumvi haiwezi kupanda, inabaki. Imejikusanya hivyo kwa mamilioni ya miaka. Ziwa la Katwe kule Kasese ni hivyohivyo, maji yanaingia hayana pa kutokea, jua linayakausha, watu wanachimba chumvi.

Chukua yale maji ya chumvi ya jaribio la yai, yaweke kwenye sahani pana juu ya bati penye jua siku mbili tatu. Asiguse. Aende kuangalia asubuhi na jioni.

MamaKadogo_Jinja

Ameshapanda kwenye stuli. Sahani ni ile yangu ya wageni.